Tunahama Subversion kwenda Git, komiti za zamani tuzitupe?

SWALI: Kaka mambo. Ofisini tupo Subversion (mfumo wa kutunza historia ya kodi) tangu 2013, sasa bosi kasema mwezi ujao wote tuwe Git, mfumo mwingine wa kazi hiyohiyo. Kuna mwenzetu anasema tukopi tu mafaili tuanze upya. Mi roho inaniuma, we unaonaje? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Poa kaka. Huyo mwenzenu msimsikilize kabisa. Siku bagi ikitokea kwenye mstari wa 2016 ukaiuliza Git huu kaandika nani, itakujibu ni wewe, siku ile mliyohama, na mafaili yote ni wewe.

Tumia amri ya git svn, yenyewe inapita komiti (mabadiliko yaliyorekodiwa) moja moja toka r1, yaani ya kwanza, inaziandika upya upande wa Git. Ila kwanza andaa faili la majina, hapo ndo wengi tunachemsha. Subversion inamjua mtu kwa yuzaneimu tu, Git inataka jina na imeili, kwa hiyo piga svn log -q, kila yuzaneimu utakayoiona pale ipe mstari wake:

mudi = Jina Lake Kamili <mudi@example.com>

Ukimsahau mmoja, hata yule aliyeacha kazi kitambo, zoezi linagoma hapo hapo. Usianze upya, muongeze kisha git svn fetch, inaendelea ilipoishia. Halafu:

git svn clone --stdlayout --authors-file=majina.txt (anwani ya ripo, yaani ghala lenu la Subversion)

Hiyo stdlayout ni kama mna folda za kawaida za trunk (kodi kuu), branches (matawi ya kodi) na tags (alama za matoleo). Wengi watakwambia uweke na --no-metadata ili meseji ziwe safi, mi siweki, maana bila hiyo kila komiti inabaki na mstari wa git-svn-id wenye namba yake ya zamani, na tiketi zenu za zamani najua zimejaa "angalia r1482", sasa r1482 utaitafutaje kwenye Git, ambako kila komiti inaitwa kwa hashi, kitambulisho cha herufi na namba 40? Tegi nazo zitakuja kama brenchi, zigeuze mwenyewe kwa git tag.

Na msiwe na mguu huku mguu kule. Mi yalinikuta, nilimpa mwenzangu komiti zangu kisha nikapiga git svn dcommit (inayopeleka komiti za Git kwenye Subversion), kumbe ile inaziandika upya na hashi zinabadilika, tukabaki na komiti zilezile mara mbilimbili, tulishinda wikendi nzima tunafua. Ijumaa jioni fungeni Subversion isomeke tu, ndo mchote.