Nimekariri kamusi mpaka herufi D, Kiingereza bado hakipandi

SWALI: Mwalimu shikamoo. Niko chuo mwaka wa kwanza hapa Morogoro, Kiingereza cha kawaida naelewa ila kwenye asaimenti lekchara anasema natumia maneno ya kitoto. Nikaanza kukariri kamusi, maneno 20 kila siku, sasa niko D na yale ya A yote yamepotea. Wenzangu wa inglishi midiamu wananicheka. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo kamusi irudishe kabatini kwanza. Herufi A tu unakutana na "aardvark", yaani muhanga, yule mnyama anayekula mchwa usiku, haya niambie kwenye asaimenti ya biashara muhanga anaingilia wapi? Kamusi imepangwa kwa herufi, haijui shida zako.

Kuna mama mtafiti wa New Zealand, Avril Coxhead, mwaka 2000 alitoa orodha ya familia 570 za maneno (yaani neno na ndugu zake wa mzizi mmoja) yanayojirudia kwenye maandishi ya chuo ya fani mbalimbali, kama "assess", "significant", "derive", na akayaacha makusudi yale 2,000 ya kawaida ambayo mengi unayo tayari. Kwenye maandishi aliyopima, kila maneno 100 kama 10 hivi yanatoka humo. Inaitwa Academic Word List, tafuta mtandaoni ni bure.

Ila usiikremu moja moja, hapo ndo tunaangukia wengi. Neno lina wenzake linaotembea nao. Sisi kufanya ni kufanya tu, unafanya kosa unafanya homuweki, wenyewe kosa ni "make" homuweki ni "do". Au kuazima, anayetoa na anayepokea wote wanaazima, ndo maana mtu anaropoka "borrow me your pen" (hata mimi nililisema miaka). Kwa hiyo kwenye kadi zako za kujikumbushia maneno usiandike "conclusion" ni hitimisho basi, andika "draw a conclusion" lote kama ulivyolikuta kwenye notsi.

Halafu kuna kitu nakipenda mpaka wanafunzi wananichoka, mizizi. Wewe ukijua vunja, vunjika na vunjwa hakuna aliyekufundisha, umeona mzizi ni mmoja. Kiingereza kimebeba mizizi kibao ya Kilatini, "rupt" ni kuvunja au kupasua, basi volkano iki-"erupt" imepasuka ikatoka nje, uki-"interrupt" umevunja maongezi ya watu katikati, na "bankrupt" chanzo chake ni Kiitaliano, benchi lililovunjika, maana wafanyabiashara wa fedha wa zamani walikuwa na benchi lao la kazi. Siku ukikuta bomba lime-"rupture" utahitaji kamusi kweli?

Maneno matano kwa siku yanatosha, yarudie kesho, keshokutwa, wiki ijayo, mwezi ujao, programu ya Anki inakupangia na kwa Android ni bure. Kila neno litungie sentensi ya somo lako, na tafadhali pale "use" inapotosha usilete "utilize" kwa mbwembwe, lekchara atakurudishia tena.

Na hao wanaokucheka, waulize "economic" na "economical" zinatofautianaje.