Kuweka sehemu mahali pa herufi: jibu kwa mzazi wa mwanafunzi wa Gredi ya 8

Asalaamu aleikum, ndugu yangu. Umeeleza kuwa mwanao amepewa x = −2/3 na y = 3/4, akatakiwa atafute thamani ya 3x + 2y, ya x² − y na ya y/x, na kwamba katika swali la kwanza amepata −6/9 + 6/8, yaani 1/12, ilhali jibu la kitabuni ni −1/2. Mimi husomesha hesabu nyakati za jioni hapa Langoni, Lamu, na katika mada hii hakuna kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi ya hilo.

Mwanao amezidisha namba ya juu na ya chini kwa pamoja. Ukiitazama vizuri 6/9 utaona kuwa ni ile ile 2/3 iliyobadilishwa sura, kwa sababu kuzidisha juu na chini kwa 3 ni sawa na kuzidisha kwa 3/3, ambayo ni 1. Kwa hiyo hakupata 3x, bali amerudi kwenye x. Njia hiyo ina mahali pake, nayo ni pale tunapotafuta asili moja, yaani namba ya chini iliyo sawa, ili tujumlishe au tutoe, na nadhani ndiko alikoichukua. Namba nzima inapozidisha sehemu, huzidisha kiasi, yaani namba ya juu, peke yake: 3 × −2/3 ni −6/3, sawa na −2, na 2 × 3/4 ni 6/4, sawa na 3/2. Ukijumlisha −2 na 3/2 unapata −1/2.

Wanafunzi wangu huwapeleka kwa fundi seremala, maana hapa kwetu hawakosekani. Fundi akitaka urefu wa rafu itakayokaa ndani ya kabati, huchukua upana wa nje akatoa unene wa mbao mbili za ubavuni, yaani L − 2t. Upana ukiwa inchi 30 na nusu na ubao ukiwa wa robo tatu inchi, mbao mbili zitakula inchi moja na nusu, na rafu itakuwa inchi 29 kamili. Anayehesabu 2 × 3/4 kuwa 6/8 ametoa unene wa ubao mmoja tu, akakata rafu ya inchi 29 na robo tatu, na haitaingia kabatini. Mwanafunzi aliyewahi kushika futi ya fundi huliona kosa hilo mara moja, hata kama daftarini lilimpita.

La pili ni mabano. Kabla ya kukokotoa chochote, aandike upya usemi wote na kila herufi aibadilishe kwa mabano yenye thamani yake, hata pale anapoona hayana haja. Katika x² − y ataandika (−2/3)² − (3/4). Alama ya hasi ikiwa ndani ya mabano, inajizidisha pamoja na namba: −2/3 × −2/3 ni 4/9, ambayo ni chanya. Bila mabano, vikokotoo vingi vitampa jibu la hasi, kwa kuwa hupandisha kipeo kwanza kisha ndipo huweka hasi. Asili moja ya 9 na 4 ni 36, hivyo 16/36 − 27/36 ni −11/36.

Mabano humwokoa pia katika namba mchanganyiko, ambazo mimi naziona ni mtego mkubwa kuliko hasi. Katika 4y, namba na herufi zilizokaa ubavu kwa ubavu zinazidishana, lakini katika 2½ zilizokaa ubavu kwa ubavu zinajumlishwa, 2 na nusu. Akiambiwa y = 2½ akaibandika tu mbele ya 4, ataandika 42½. Aigeuze kwanza kuwa 5/2, kisha 4(5/2) itampa 10.

Wapo watakaomshauri ageuze kila kitu kuwa desimali ili apumzike. Siwaungi mkono. Robo tatu itakubali, kwani ni 0.75 kamili, lakini 2/3 haina mwisho, na akiikata kuwa 0.67, mara 3 inakuwa 2.01 badala ya 2.

Swali la tatu ni jepesi akishaweka mabano: (3/4) ÷ (−2/3). Kigawanyo, yaani ile ya pili, ndicho kinachopinduliwa, si ya kwanza, na alama yake ya hasi haibadiliki kwa kupinduliwa: 3/4 × −3/2 ni −9/8. Aliache hivyo kama linatakiwa kutumika katika hatua nyingine. Likiwa ndilo jibu la mwisho, huenda mwalimu wake akataka liandikwe −1⅛.