Wasomaji Wauliza: Ndege na Vipepeo katika Bustani ya Mjini

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nyumba yangu iko katikati ya mji na ina uwanja mdogo nyuma, ambako nimepanda maua ya rangi mbalimbali ili nipate kutazama ndege na vipepeo. Hata hivyo, vipepeo hupita tu, na ndege wanaotua ni shomoro peke yao. Sasa majani ya mlimau wangu yanaliwa na viwavi, na jirani ananishauri ninyunyize dawa. Je, kwa mjini jambo hili linawezekana, au najisumbua bure?

JIBU: Ndugu msomaji, linawezekana kabisa. Mtaalamu wa wanyama Jennifer Owen aliorodhesha viumbe wa bustani ya nyumba yake mjini Leicester, Uingereza, kuanzia mwaka 1972 hadi 2001, akafikisha spishi 2,673, zikiwemo 1,997 za wadudu na 54 za ndege. Nayo ilikuwa bustani ya kawaida, yenye maua, mboga na nyasi, si kipande cha msitu.

Kuhusu dawa, nakusihi usinyunyize, kwa kuwa huenda viwavi unaotaka kuwaua ndio vipepeo unaowatafuta. Kipepeo aliyekomaa hunywa nekta ya maua ya aina nyingi, lakini jike hutaga tu juu ya mimea ambayo kiwavi wake ataweza kuila, na kwa spishi nyingi mimea hiyo ni michache sana. Ndiyo maana utamwona akilipigapiga jani kwa miguu kabla ya kutaga: miguuni ndiko aliko na viungo vya kuonjea. Bustani yenye maua matupu ni sawa na mgahawa wa njiani, ambamo msafiri hunywa kisha huondoka. Viwavi wa mlimau, kwa mfano, wakiwa wadogo hufanana na kinyesi cha ndege, na baadaye wengi wao hugeuka kijani. Ukimgusa mmoja, hutoa nyuma ya kichwa kiungo chenye pande mbili na harufu kali ya kumfukuza adui. Kwa maoni yangu, hakuna kipepeo arukaye anayefurahisha kutazamwa kuliko kiwavi huyo. Mti uliokwisha kukua huvumilia kupoteza majani kiasi. Mche mchanga ndio wa kulindwa, na hapo inatosha kuwahamishia viwavi kwenye mlimau mkubwa kwa mkono.

SWALI: Nikiwavutia ndege, je, hawatawamaliza vipepeo?

JIBU: Watakula viwavi wengi, na hilo ni sehemu ya mambo utakayoyatazama. Ndege wengi wanaokula mbegu huwalisha makinda wao wadudu, na hata chozi, ambaye sisi humjua kwa kunyonya nekta, hufanya hivyo. Jike wa kipepeo naye hutaga mayai mengi kuliko watoto watakaokomaa. Panda vichaka vyenye majani mazito, viwavi wapate maficho na ndege wapate pa kujenga viota.

SWALI: Nitazame saa ngapi, na je, ninunue darubini?

JIBU: Ndege huchangamka zaidi alfajiri na jioni, ilhali vipepeo hungoja jua liwapashe misuli joto ndipo waruke vizuri. Asubuhi, jua likianza kukolea, utawakuta wametandaza mbawa juu ya majani au mawe, nao huwa rahisi kusogelewa, mradi kivuli chako kisiwaangukie. Darubini inayokuza mara 8 inatosha. Kabla ya kuinunua, hakikisha inaonyesha vizuri hata kitu kilicho umbali wa mita 2, kwani nyingi hazifai kwa vipepeo kwa sababu hiyo. Katika daftari, andika kwanza umbo la mdomo wa ndege na namna anavyokula, kisha rangi, maana dume na jike wa spishi moja wanaweza kutofautiana rangi kabisa. Kwa kipepeo, angalia mbawa juu na chini, kwa kuwa mara nyingi michoro yake hailingani.

SWALI: Naogopa kuwawekea ndege maji kwa sababu ya mbu.

JIBU: Yai la mbu huhitaji takriban wiki moja au zaidi ndani ya maji hadi mbu aruke, kwa hiyo ukimwaga na kubadilisha maji kila baada ya siku 2, hatapata nafasi. Tumia chombo kipana chenye sakafu ya kukwaruza na kina kisichozidi sentimita 5. Maji unayoyamwaga yaelekeze mahali pamoja penye udongo, kwani vipepeo, hasa madume, hufyonza chumvi kwenye tope. Chombo chenyewe kiweke mita 2 au 3 kutoka kwenye kichaka, ili ndege aweze kukimbilia humo, lakini paka asipate pa kumvizia.