Piza ya Malindi ni piza ya kweli?

SWALI: Assalamu alaikum, Bi Jikoni. Mtoto wa marehemu dada yangu amekuja likizo kutoka Milan, anakofanya kazi. Tulimpeleka kula piza hapa mjini, baba watoto akatoa pesa ya maana, naye akala vipande viwili akasema, "Mamdogo, hii si piza. Piza iko Italia." Baba watoto kanuna mpaka leo. Halafu kijana huyo huyo anajisifu eti kule Milan wanapika pilau na samaki wa kupaka sawasawa na wa nyumbani. Je, chakula cha watu huweza kupatikana chenyewe hasa mbali na kwao? Na akirudi, nimfungie nini? — Mama Watoto, Muyeye.

JIBU: Waalaikumu salaam, dadangu. Mwambie baba watoto ashushe pumzi. Kwa mkahawa mliokwenda huenda kijana ana haki, lakini kwa Malindi nzima amekosea.

Wataliano si wageni hapa. Mwaka 1967 walirusha setilaiti yao, San Marco 2, kutoka jukwaa la baharini pale Ngomeni, na baada ya roketi zikaja hoteli zao. Baadhi yao wamezeekea hapa hapa. Nimewahi kupika kwenye jiko lao, na mwalimu wangu hakuwa mpishi mkuu, alikuwa mzee mmoja mteja. Akiletewa tambi huchukua uzi mmoja, huukata kwa uma, hutazama katikati. Asipoona kidoa cheupe cha unga ambao haujaiva sana, sahani inarudi jikoni, na maneno juu yake. Mtalii wa wiki moja harudishi sahani wala hasemi kitu. Hula, hulipa, huenda zake. Ndiyo maana mkahawa unaoishi kwa watalii hupika tambi rojorojo na kutia sukari kwenye unga wa piza. Mpishi ni yule yule wa mitaa yetu ya Kisumu Ndogo au Barani. Kilichobadilika ni aliyeketi mezani.

Kwa hiyo nendeni tena mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea na hoteli nyingi zimefunga. Mkahawa wa Kitaliano ulio wazi wakati huo unalishwa na hao wakaazi wagomvi. Agizeni piza iitwayo marinara: nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni. Haina nyama wala jibini, kwa hiyo hakuna cha kuulizia uhalali, na hapo mpishi hana pa kujificha.

Piza ya Napoli ina masharti yaliyosajiliwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2010. Kinyunya ni unga, maji, chumvi na hamira, basi. Tanuri ni la kuni, moto wa nyuzi kama 485 za Selsiasi, na piza isizidi sekunde 90 ndani. Katika hayo ni lipi lisilowezekana Malindi? Kuni za mvinje zinawaka vizuri. Taabu ni joto letu: mwezi wa Machi kinyunya huumuka kabla hujageuka, basi hamira hupunguzwa sana na unga hukandwa usiku. Mpishi asiyejua hilo hutoa mkate mchachu, kisha lawama zinaangukia nchi. (Na hiyo nyanya yenyewe asili yake ni Amerika, kama ilivyo pilipili ya kachumbari yetu. Baba watoto ampunguzie kijana ukali.)

Sasa hayo ya Milan. Pilau namwamini. Bizari nzima, iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga, vyote ni vikavu na vinasafiri bila kuharibika. Samaki wa kupaka nina shaka naye. Tui la mkebe ni zito lakini halina ile harufu ya nazi iliyokunwa sasa hivi na kukamuliwa kwenye kifumbu. Amualike jirani wa Kilamu ale, asikilize atakachoambiwa.

Kuhusu mzigo: nyama na maziwa asibebe kabisa, Ulaya hawaruhusu abiria kuingia navyo. Maembe ya ngowe pia mwache ayale hapa, maana matunda mabichi karibu yote yanadai cheti cha afya ya mimea. Lakini tangu Desemba 2019 kuna matano yaliyosamehewa: nanasi, ndizi, tende, doriani na nazi. Umesikia, dadangu? Nazi! Mfungie kavu zilizofuliwa, azitikise moja moja asikie maji kabla hazijaingia begini, pamoja na mbuzi ya kukunia. Hiyo mbuzi iwe kwenye mzigo wa chini ya ndege, asije akazuiwa nayo uwanjani kwa ajili ya yale meno.