Mabomba ya joto chini ya sakafu: Leeds yawekwe, Mbweni hapana

Waalaykum salaam dada. Nimekusoma mpaka mwisho. Kwa wanaoingia sasa: shemeji yetu amenunua nyumba ya zamani Leeds, Uingereza, na anataka sakafu ya joto. Fundi mmoja kampa bei ya nyaya za umeme chini ya vigae, mwengine kampa bei ya mabomba ya maji moto, na tofauti ya bei imemchanganya. Wakati huo huo ameshatia roli mbili za bomba kwenye kontena zije Unguja, kwenye nyumba mnayojenga Mbweni, akisema huku zisipopasha joto basi zitapoza. Mimi nimefanya kazi ya bomba Uingereza kwa miaka kabla sijarudi nyumbani, na mabomba hayo nimeyalaza sana, kwa hivyo niachieni nafasi niseme kwa urefu.

Kwanza Leeds. Waya ni rahisi kulaza. Unakuja umeshonwa kwenye wavu kama mkeka, unatandikwa juu ya mabamba maalumu ya kuzuia joto lisishuke, unafunikwa kwa gundi ya vigae, na kwa choo kidogo kazi yenyewe ni ya siku moja tu. Kinachouma kinakuja baadaye kwenye bili. Mkeka wa kawaida unakula kama wati 150 kwa kila mita ya mraba. Choo cha mita 4 za mraba ni wati 600; ukiwasha masaa mawili asubuhi na mawili usiku hujafika yuniti 3. Hapo hakuna neno, muwekee. Lakini sebule ya mita 25 za mraba inakaribia kilowati 4 kila thamostati (kidhibiti cha joto) inapowasha, na yuniti ya umeme Uingereza ni ghali mara kadhaa kuliko yuniti ya gesi. Nimewaona watu waliolaza nyaya nyumba nzima kwa kuvutiwa na bei ya mwanzo, na baridi ya Januari ilipoingia wakazizima, wakarudi kujifunika mablanketi.

Mabomba ya maji yanataka gharama na usumbufu mkubwa zaidi mwanzoni, ila yakishalala yanaendeshwa kwa maji ya uvuguvugu tu. Radieta za ukutani za zamani, vile vyuma vinavyopitisha maji moto kupasha chumba, zilipigiwa hesabu ya maji ya nyuzi 70 mpaka 80. Sakafu inatosheka na 35 mpaka 45, kwa sababu chumba kizima ndiyo radieta. Ndiyo maana mabomba haya yanapatana sana na pampu ya joto, ile mashine inayovuta joto kutoka hewa ya nje; haipendi kulazimishwa kutoa maji ya moto sana. Kama shemeji ana mpango wa kuachana na boila ya gesi (mtambo wa kuchemshia maji) siku za mbele, basi jibu lake analo: maji kwa vyumba vya chini, waya kwa choo cha juu peke yake.

Sasa asikimbilie kutia saini. Amuulize fundi kitu kimoja: chini ya bomba kunawekwa nini? Nyumba nyingi za zamani za upande ule zina sakafu ya mbao iliyoinuka, na chini yake upepo unapita au kuna chumba cha chini ya ardhi kilicho baridi. Ukilaza bomba juu ya sakafu ile bila mabamba ya povu gumu ya kuzuia joto, unawapashia joto panya. Fundi anayejua atataja unene wa povu kabla hujamuuliza, atataja na ule mkanda laini unaozungushwa ukutani ili zege la juu, lile linalofunika mabomba, lipate pa kutanukia. Ambaye karatasi yake ya bei imeandikwa "bomba na kazi" tu, aagwe kwa heshima.

Vipimo vyengine vya kumpima fundi: bomba la milimita 16 hulazwa kwa nafasi ya sentimita 15 au 20 baina ya mstari na mstari, na mzunguko mmoja, yaani bomba moja linavyotoka na kurudi, usizidi kama mita 100, maana ukizidi pampu ya kusukuma maji inachoka na upande wa mwisho unabaki baridi. Kwa nafasi ya sentimita 15, mita moja ya mraba inakula karibu mita 7 za bomba. Yaani mzunguko mmoja unahudumia kama mita 15 za mraba basi. Akija mtu akamwambia sebule na jiko vyote vitakwenda kwa mzunguko mmoja, huyo hesabu imempita.

Lipo jambo mafundi wa kule hawalijui kuhusu sisi: mazulia. Sakafu ya kukaliwa haitakiwi kuzidi nyuzi 29 usoni, na ikiwa ya mbao wengi wanasimamia 27. Joto hilo ni dogo, halina nguvu ya kupenya zulia zito la sufu lenye povu chini yake. Nyumba zetu za ughaibuni unazijua, zulia juu ya zulia, na magodoro ya kukalia ukuta mpaka ukuta. Kwenye mabomba ya maji utapata chumba baridi tu. Kwenye nyaya za umeme ni mbaya zaidi, kwa sababu joto likifungiwa chini ya godoro au kabati lisilo na miguu, waya unaweza kuungua pale pale. Vigae, na zulia jembamba la kusalia. Akikataa hilo abaki na radieta zake.

Na kabla ya zege la juu kumwagwa, mabomba yajazwe maji na yapigwe presha, bar 6 kwenye saa ya kipimo, na presha ibaki humo wakati zege linamwagwa. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Kuna nyumba moja Manchester tulikuwa tumemaliza kulaza, saa imesimama kwenye 6 tangu asubuhi. Baada ya chakula cha mchana nikapita nikaona mshale uko 5 na kitu. Nikaugonga kwa kidole, nikadhani umenata. Dakika chache ukawa 4. Hakuna maji yanayoonekana popote. Tukazunguka kwa magoti, tukakuta fundi wa milango amepiga msumari wa kizingiti, kichwa chake kinang'ara, na pembeni yake povu limeloa duara dogo halizidi sarafu. Kwa sababu ilikuwa kabla ya zege, ikatibika kwa nusu saa. Ingekuwa baada ya zege na vigae, mwenye nyumba angeshindwa hata kujua avunje wapi. Kwa hivyo shemeji asimame pale na simu yake, apige picha za sakafu nzima na futi imetandikwa pembeni, azihifadhi. Kila atakayekuja kutoboa sakafu baadaye azione kwanza.

Zege la mchanga na saruji la kule hulazwa sentimita 6 na nusu mpaka 7 na nusu, na halitiwi moto mpaka zipite wiki 3, halafu maji yaanzie nyuzi 25 yapandishwe taratibu. Akiharakishwa, vigae vitapasuka.

Haya, Mbweni.

Dada, kupasha joto tusilijadili. Kipupwe chetu cha Julai na Agosti usiku kinashuka nyuzi 21 au 22 hivi, na hapo ndipo watu wa Leeds wanapozima mitambo yao. La kupoza ndilo linalostahili jibu, maana si upuuzi. Ziko nchi kavu ambako maji ya baridi hupitishwa sakafuni na nyumba ikapoa vizuri. Kwetu kinachozuia ni unyevu. Mwezi wa Aprili hewa ya Unguja imejaa maji kiasi kwamba kitu chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 24 hivi kinaanza kutoka jasho. Sakafu ukiishusha hadi 20 ili uhisi tofauti, vigae vitalowa. Ukiiacha 25 isitoke jasho, hutahisi kitu. Nimeliona kwa macho kwenye nyumba moja ya wageni kaskazini, wakati wa masika. Chumba kilipozwa usiku kucha kwa kiyoyozi, asubuhi mhudumu akafungua milango yote miwili apige deki. Hakuhitaji maji ya deki. Matone yalitoka yenyewe juu ya vigae, yakaungana, yakatambaa kwenye mistari mpaka chini ya kitanda. Sasa fikiria hali hiyo kila siku, na bibi ndani ya nyumba anakwenda kutawadha alfajiri.

Shemeji atasema: mbona Makka kwenye mataf, uwanja wa kutufu Al-Kaaba, sakafu ni ya baridi jua la utosi? Wengi waliokwenda umra wanarudi na habari kwamba chini kuna mabomba ya maji baridi. Hakuna. Ni marumaru nyeupe ya Thassos, kisiwa cha Ugiriki, inayorudisha mwanga wa jua badala ya kuunyonya, na wasimamizi wa msikiti wenyewe wameshalisema hilo.

Pesa ya mabomba ihamie juu. Sisi tuko nyuzi 6 kusini ya mstari wa ikweta, jua linapita karibu juu ya kichwa mwaka mzima, na mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba linasimama utosini kabisa. Kinachopigwa ni paa. Bati likiwaka, linaangaza joto kuelekea chini kwenye dari, na dari ya jipsamu iliyofungwa kila upande inageuka tanuri, ndiyo maana usiku saa nne vyumba bado vinafuka ilhali nje kuna kaupepo. Kwa hivyo: bati la rangi nyeupe au iliyopauka, chini yake karatasi ya foili iliyoachiwa nafasi ya hewa ya sentimita 2 au 3 (ikigusana na bati haina faida), matundu ya wavu kwenye kingo za paa ili joto litoke, na ukingo wa paa utokeze mbele ya kuta za mashariki na magharibi. Nyumba bado iko kwenye msingi, haya yote sasa ni mabadiliko ya kwenye ramani tu. Madirisha muyapange yatazamane, upande wa kusi na upande wa kaskazi, pepo zote mbili zipite. Wazee wa Mji Mkongwe walijenga kuta nene za mawe na chokaa na dari ndefu, wakalala bila feni.

Kwenye sakafu chini, kabla ya kumwaga jamvi (zege la sakafu), tandikeni nailoni nene isiyotoboka na muipandishe pembeni. Mbweni ni karibu na bahari, unyevu unapanda kutoka chini na kutoa chumvi kwenye mistari ya vigae.

Na kama raha anayoitafuta ni maji moto ya kuoga wakati wa kipupwe, aweke tangi la kupasha maji kwa jua juu ya paa, uso wake uelekee kaskazini kwa sababu tuko kusini ya ikweta. Ila maji yetu ya visima yana chokaa, mnaiona ndani ya birika, basi achague tangi linalofunguka likasafishwa.

Zile roli mbili zikifika msizitupe. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye bomba lenyewe. Likiwa limeandikwa kwamba linafaa kwa maji ya kunywa, na presha na joto lake vimetajwa, linaweza kutumika kuteremsha maji moto kutoka kwenye tangi mpaka bafuni, likizikwa ukutani. Likiwa halina maandishi hayo, liuzieni mtu mwenye kazi nalo. Na zikishafika msiziache roli hizo sehemu ya ujenzi nje, jua linaua aina hii ya bomba hata kabla halijafungwa. Zikae ndani, gizani. Na zile karatasi mbili za bei za Leeds, ukipenda zifute majina uziweke hapa tuzisome pamoja.