Wazee kadhaa bila mchungaji mkuu?

Dada, umeuliza kama kanisa lenu hapo Jinja laweza kuongozwa na wazee kadhaa bila mchungaji mkuu. Laweza. Matendo 14:23, Paulo na Barnaba waliweka wazee katika kila kanisa, si mzee mmoja. Hata Waanglikana wa Uganda, ingawa wana maaskofu, makanisa yao mengi ya vijijini huendeshwa na walei (waumini wasio makasisi) kwa sababu kasisi mmoja ana makanisa kadhaa.

Kazi iko kwenye pesa (hapo ndipo undugu huisha). Andikeni mapema nani wanaweka saini benki, wawili au watatu, na mhubiri asiwe mweka hazina. Uenyekiti wa vikao uwe wa zamu, la sivyo mwenye sauti kubwa atageuka mchungaji mkuu bila kuchaguliwa.