Mzani unaopima lori likiwa linatembea upo tayari
Mkuu, wanaosema barabara yenye sensa (vifaa vinavyohisi uzito wa gari) ni mambo ya 2050 wanakosea, ukitoka Dar kwenda Moro pale Vigwaza lori linapimwa likiwa linatembea. Sensa za hivi zinalazwa kwenye lami, tairi likikanyaga zinatuma ishara kompyuta inakadiria uzito wa kila ekseli (chuma kinachounganisha tairi za pande mbili), lori likionekana limezidi ndo linapelekwa kwenye mzani wa kusimama na mengine yanaendelea na safari. Maana kipimo cha kwenye mwendo peke yake kinayumba, spidi na mtikisiko vinakiharibu.

Na hili jambo ni zito kuliko watu wanavyolichukulia, majaribio ya Illinois kule Marekani ya 1958 hadi 1960 yalionesha mzigo wa ekseli ukiwa mara mbili uharibifu wa barabara unapanda kama mara 16, yani malori machache tu yaliyozidisha yanamaliza lami tuliyoilipia wote.

Ila usichanganye na lami ya sola, yani barabara yenye paneli za kuzalisha umeme wa jua, hiyo Ufaransa walijaribu kilomita 1 mwaka 2016 paneli zikaanza kuharibika mapema na umeme ukawa mdogo kuliko walivyotegemea.